Hewa ya Mirihi Juu ya Mbeya

Neno la kwanza nililoambiwa kazini lilikuwa, "Vua sweta."

Ilikuwa Juni, na ninyi mliopangiwa Mbeya mnaijua Juni yake. Nilikuwa nimetoka kwetu Rungwe alfajiri, nimefika kituo cha hali ya hewa nikiwa na barua ya ajira, sanduku la bati na sweta zito la nailoni. Aliyenipokea hakuitazama barua. Alikuwa Mzee Sanga, Mkinga wa Makete, msimamizi wa maputo, mtu mfupi mwenye sauti ya kikohozi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa banda la gesi.

"Baba, baridi hii," nikamwambia.

"Baridi haijamuua mtu hapa. Haidrojeni ndiyo inaua. Nailoni inatoa cheche. Vua, ushike ile fimbo ya shaba, halafu uje unishikie puto."

Nikavua. Nikashika fimbo iliyochimbiwa ardhini ili umeme wa mwili utoke. Kisha nikashika puto.

Ninyi vijana wa kituo na maabara mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi, na nimekubali kwa sababu tangu nistaafu simu zenu hazinipi nafasi ya kupalilia. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitasema juu ya maputo, juu ya Mzee Sanga na Dokta Mdemu, na juu ya kisanduku kimoja kilichotusumbua mpaka tukafika nacho mahali ambapo sisi wenyewe hatutafika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi tunajaza puto la mpira mpaka linafika kimo cha mtu mrefu. Tunalifunga mwavuli mwekundu wa kushukia, na chini ya mwavuli tunaning'iniza kisanduku chenye redio, chepesi kuliko mkate. Puto linapanda, kisanduku kinapima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, redio inatuletea namba. Juu kabisa puto linavimba mpaka linakuwa kama nyumba, linapasuka, na kisanduku kinashuka kwa mwavuli kwenye shamba la mtu. Visanduku vile tulikuwa hatuvifuati. Nimeshaona kimoja Chimala kimefanywa kiota cha kuku.

Mzee Sanga hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Akiona umelishika puto kwa vidole, anakwambia, "Huyo si kifaranga. Mkumbatie." Akiona umeliachia ukiwa umeupa upepo mgongo, hakwambii kitu. Anasubiri kisanduku kikugonge kisogoni, kisha anakuuliza umejifunza nini.

Somo moja alilonipa nimeishi nalo. Siku hiyo mawingu yalikuwa yamelala juu ya mlima Loleza, puto likapita ndani yake, na nusu saa baadaye redio ikawa bado inatuambia kuna unyevu mwingi, juu kabisa ambako mawingu hayafiki. Nikaanza kuandika. Mzee Sanga akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Hicho kimelowa njiani," alisema. "Sasa kinapima maji yake chenyewe. Kama mtu aliyepita kwenye majani yenye umande, akifika kwako anasema kwako kumelowa."

Tukaandika namba zile na kuziwekea alama ya shaka. Mvua mbili hivi baadaye Mzee Sanga alistaafu, akarudi Makete kulima viazi, na mimi nikabaki na banda la gesi.

Dokta Mdemu alikuja miaka mingi baada ya hapo. Nilimwona akishuka kwenye basi la Iringa amekumbatia kikapu cha milulu, yale majani ya kusukia ya Iringa, kimefunikwa blanketi, kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Alikuwa Mhehe mwembamba, aliyesoma Tosamaganga na baadaye nje ya nchi, na alifundisha fizikia katika chuo kimoja Iringa. Nilimwamkia kwa Kihehe changu kibovu, "Kamwene."

"Kamwene, dada. Natafuta Mirihi. Nimeambiwa ninyi mnaipitia kila asubuhi."

Nikadhani ni mgonjwa. Nikampa kiti.

Kumbe alisema kweli. Sayari ya Mirihi ina hewa, lakini ni nyembamba mno. Ukiwa umesimama kwenye udongo wake, hewa inayokuzunguka ni kama ile iliyoko juu yetu mahali puto linapopasukia, zaidi ya mara tano ya kimo cha Kilimanjaro. Na baridi yake inakaribiana. Nilikuwa nimepeleka vyombo huko maisha yangu yote ya kazi, na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa pale juu ya Mbeya pana kipande cha sayari nyingine.

Ndani ya kikapu kulikuwa na kisanduku chake. Alikuwa amekitengeneza yeye na wanafunzi wake, cha kupima mvuke wa maji, hata ukiwa kidogo kiasi cha kutoaminika. Wataalamu wa nje waliokuwa wakiandaa chombo cha kutua Mirihi walitaka kipimo cha namna hiyo. Walikuwa na vingine viwili mkononi, vya vyuo vikubwa. Walimwambia Dokta: thibitisha kwamba chako kinafanya kazi kwenye hewa nyembamba, tutakiangalia.

"Wenzangu wana vyumba vya chuma vya kunyonya hewa mpaka iwe nyembamba," alisema. "Mimi nina ninyi."

Tulikirusha asubuhi ya jua. Mawingu yalikuwa machache, ya chini, upande wa Loleza. Kisanduku kilipanda vizuri, na sote wa kituo tukajazana mbele ya kompyuta. Unyevu ukapungua, ukapungua tena, kama inavyotakiwa. Halafu, karibu na kilele, ukaanza kupanda. Ukapanda mpaka ukawa mara nyingi zaidi ya ule unaojulikana kuwepo kule juu. Puto likapasuka. Redio ikakatika palepale, pengine antena ilivunjwa na mpira uliochanika.

Kesho yake Dokta Mdemu aliongea na wale wa nje kwa simu, nami nilikuwa kando yake. Walikuwa na adabu. Walimwambia kipimo chake kinaonekana kuvujisha, kwamba wanamshukuru, na kwamba wangechagua kati ya vile viwili. Akasema sawa, akaweka simu mezani kwa taratibu sana.

"Nimewaambia wanafunzi wangu kwamba kitafika," alisema. "Mmoja mama yake ameuza mahindi amlipie nauli aje kuona kikirushwa."

Nikamsimulia ya Mzee Sanga na umande. Nilimwambia tu kama hadithi ya kumfariji. Yeye akainuka.

"Mawingu yale ya Loleza," alisema. "Mpira umepita humo umelowa. Kamba nayo. Kule juu hewa ni kavu, maji yanatoka kwenye mpira na kushukia kwenye kisanduku kinachofuata nyuma. Tulikuwa tunapima puto!"

"Utawathibitishiaje?"

Akaanza kutembea chumbani. "Kikishuka je? Kikishuka, kisanduku ndicho kinatangulia. Kinakutana na hewa ambayo haijaguswa na puto. Namba za kushuka ndizo za kweli."

"Redio ilikufa."

"Redio ilikufa, lakini kisanduku kina kumbukumbu yake ndani." Akanitazama. "Tuseje, kiko wapi?"

Jina langu ni Tusekile. Hakuna aliyewahi kuniita Tuseje. Nilimsamehe kwa sababu ya hali.

Kilikuwa Usangu. Kwa upepo wa siku ile na mahali redio ilipokatikia, tulikadiria kimeangukia mbugani ng'ambo ya Rujewa, kwenye udongo mweusi. Tuliazima gari la mradi wa umwagiliaji, tukaenda. Pale kwenye mifereji ya mpunga mwanamke mmoja alituambia ameona mwavuli mwekundu ukishuka upande wa kwa Mzee Maduhu.

Mzee Maduhu alikuwa Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe zake tangu ujana, mtu mkubwa, mwenye shuka la bluu begani. Mji wake ulikuwa na nyumba nyingi na zizi ambalo huoni mwisho wake. Alitupokea vizuri, akatupa vigoda, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Sijaona kitu," alisema.

Nyuma yake, juu ya paa la jiko, kamba ya mwavuli mwekundu ilikuwa inapepea.

Dokta akataka kuongea. Nikamgusa goti. Kwa mwenye mji huwezi kumwambia umemwona anadanganya. Nikaulizia mvua, nikaulizia ndama, nikasifu zizi, na sikuwa nadanganya. Mke wake, Mama Minza, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchicha. Ndiye aliyechoka kwanza.

"Baba Minza, hawa watu hawajaja na bunduki," alisema. Kisha akanigeukia. "Dada, kile kitu kina jicho la kioo. Huku tunasikia kila siku kwamba tutahamishwa, kwamba ng'ombe wamezidi. Kikaanguka kitu kina jicho, katikati ya ng'ombe. Ungekuwa wewe ungefikiria nini?"

Nilijibu kweli. "Ningefikiria kimekuja kuhesabu."

"Eee!" alisema Mzee Maduhu, na hapo akaacha kusema hajaona. "Sasa nikikupa, kesho huji na gari la kutubeba?"

"Baba, gari lenyewe hili tumeazima. Tunatakiwa turudishe leo."

Hakucheka. Aliingia ndani akatoka nacho, kimefungwa kwenye ngozi ya mbuzi. Lakini hakukitoa mkononi. "Kifungue hapa. Nione tumbo lake. Kama kuna picha ya ng'ombe wangu, kinabaki."

Nilimwona Dokta amebadilika rangi. Ile mbuga ilikuwa imekauka, upepo unainua vumbi jeusi, na sehemu ya kupimia ilikuwa laini kiasi kwamba kule chuoni walikuwa wakiifungulia ndani ya boksi la kioo. Vumbi likiingia, kipimo kimekufa. Ilikuwa kazi ya miaka yake na ya wanafunzi wake, na kilikuwa kimoja tu.

"Tukikifungua hapa kitaharibika," alinong'ona.

"Tusipokifungua hapa hatuondoki nacho," nikamwambia. "Na mzee huyu ana haki ya kuona."

Dokta akavua saa yake, akapiga magoti juu ya ngozi ile ile, akatoa bisibisi. Mama Minza aliita wakwe zake, wake za wanawe, wakasimama kutuzunguka wameshika khanga kukinga upepo. Ndani ya ule ukuta wa khanga Dokta Mdemu alifungua kisanduku, akaanza kumwonyesha Mzee Maduhu kimoja kimoja, kama daktari anayemwonyesha ndugu wa mgonjwa. Hii betri. Hii redio, imevunjika. Jicho hili la kioo si la kupiga picha, ni mlango wa taa inayotafuta maji hewani. Na hiki kidogo kama ukucha ndicho kinakumbuka namba. Akakichomoa, akakitia kwenye kikopo cha dawa, akafunga.

"Namba za nini?" aliuliza mzee.

"Za maji. Tunataka kukipeleka kwenye sayari nyingine, ile nyota nyekundu inayoonekana jioni miezi mingine, kikaangalie kama hewani mna maji."

Mzee Maduhu aliwaza. "Huko kuna majani?"

"Hakuna, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni mawe na vumbi."

"Wana ng'ombe?"

"Hakuna mtu wala ng'ombe."

"Basi nendeni," alisema. "Huko hatutagombana."

Hapo ndipo sote tulicheka, wakwe wakaachia khanga, na upepo ukaingia. Tuliondoka na kisanduku, mwavuli, na kibuyu cha maziwa ya mgando. "Wabeja," nilimshukuru Mama Minza, neno pekee la Kisukuma nililokuwa nalo, akanishika mkono mpaka garini.

Kipimo kilikufa. Vumbi liliingia, kama Dokta alivyohofia, na hakikupona. Lakini ile kumbukumbu ilikuwa nzima. Tuliifungua kituoni jioni ileile, na mstari wa kushuka ukatokea kwenye kompyuta: palepale juu, ambako wakati wa kupanda kulikuwa na maji tele, wakati wa kushuka kulikuwa kukavu kabisa. Hewa ilikuwa moja, puto ndilo lililotofautisha. Nilimpigia Mzee Sanga huko Makete kumweleza. Akasema, "Mimi niliwaambia," akaniuliza bei ya mbolea Mbeya.

Wale wa nje walisoma, wakauliza maswali mengi, kisha wakasema rudieni. Dokta alijenga kingine masika yote. Safari hii tukakitundika kwa kamba ndefu sana mbali na puto, tukakipa mdomo unaopashwa moto ili usibebe unyevu wa njiani, na tukaamini namba za kushuka tu. Tulirusha Mbeya, tukarusha Iringa. Kurusha puto lenye kamba ndefu kwenye upepo wa Iringa ni kazi ya watu wanne na sala moja. Kila mara kisanduku kilipima ukavu ule ule. Vile vipimo viwili vya vyuo vikubwa vilikuwa vizuri pia, lakini havikuwahi kutoka nje ya vyumba vyao vya chuma. Chetu kikachaguliwa.

Mimi nikahamia Iringa, kwenye maabara ya Dokta, na huko ndiko nilikomalizia kazi. Miaka ya katikati sitawachosha nayo. Ilikuwa ya kukausha kisanduku kwenye tanuri, kukipima, kukikausha tena, na kujaza maelezo kwa watu wanaoamka tunapolala. Hapo ndipo alipoajiriwa Neema, Mbena wa Njombe, ambaye sasa ni bosi wa wengi wenu. Wakati huo alikuwa anaogopa kugusa kisanduku hata akiwa na glavu.

Siku ya kutua ilikuwa mchana wa kawaida. Tulikuwa chumba kimoja, wanafunzi wamejaa mpaka dirishani. Chombo kiliingia katika hewa ya Mirihi, mwavuli wake ukafunguka, na kipimo chetu kikaamka kikaanza kutuma. Kilikuwa kinaanguka katika hewa ya dunia nyingine na kuitolea habari. Namba zilikuja kwa dakika chache. Halafu zikakoma. Tulisubiri. Wale wa nje nao walisubiri. Baadaye sauti kwenye simu ikasema kwamba chombo kimegonga ardhi kwa kasi, hakitasema tena.

Neema alilia waziwazi. Wanafunzi wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakipita mbele ya Dokta kama wanaotoa pole msibani. Yeye alikuwa ameinama kwenye kompyuta.

"Neema, mwanangu," alisema bila kugeuka, "agiza chai. Halafu njoo. Tuna hewa ya Mirihi hapa na hakuna aliyeisoma."

Tukasoma. Juu palikuwa pakavu, kama vitabu vinavyosema. Katikati pakavu. Kisha, karibu kabisa na ardhi, muda mfupi kabla ya kimya, unyevu ulipanda ghafla. Sote tulikuwa tumeona mstari wa namna hiyo, na tulijua uliwahi kutugharimu nini.

Wale wa nje walisema haraka: kisanduku kimetoa maji yake. Ilikuwa haki yao kusema hivyo, na sisi wenyewe ndio tuliowafundisha kuuliza. Ilichukua miezi. Neema, aliyekuwa anaogopa kugusa, ndiye aliyeibeba kesi hiyo. Alionyesha kwamba kisanduku kilikaushwa, kwamba kilikuwa kinashuka kimetangulia, kwamba mdomo wake ulikuwa umepashwa moto. Wakasema haitoshi. Basi akaomba namba za kipimo cha joto, ambacho si chetu, na za kipimo cha mwanga, cha watu wengine kabisa. Katika tabaka lile lile baridi ilikuwa imefika pale mvuke unapoganda, na mwanga wa jua ulikuwa umefifia. Vipimo vitatu vya mafundi wasiojuana vilisema jambo moja.

Kwenye mkutano wa mwisho mkubwa wao, mama mmoja mwenye mvi, alitazama michoro ya vile vipimo vitatu mmoja mmoja. Kisha akamuuliza Neema yeye angeliitaje tabaka lile.

"Ukungu," alisema Neema, kwa Kiswahili, kisha akakumbuka kutafsiri.

Hakuna aliyepinga. Chombo kilikuwa kimeangukia bondeni, asubuhi ya huko, jua limechomoza kitambo kidogo.

Dokta Mdemu alifunga kompyuta, akasema twende tukale, na njiani aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya sana. Nilistaafu mwaka uliofuata. Watu huniuliza kama inaniuma kwamba chombo kilivunjika. Iliniuma siku ile. Lakini nimepima hewa maisha yangu yote, na ile ya mwisho niliyoipima sijawahi kuivuta, wala hakuna mtu wa rika langu atakayeivuta. Hata hivyo najua asubuhi ile ilivyokuwa: baridi kali, juu kukavu, na bondeni ukungu mwembamba ambao jua lilikuwa bado halijauondoa.